Kipimo cha Kukumbatia

Mafundi cherehani husemwa kwa mambo mawili: ahadi za uongo na kuiba vitambaa. Fundi Bonge, mwanamke mnene kama jina lake, hakuwa na hata moja. Akisema Ijumaa ni Ijumaa, na kitambaa kikibaki unarudishiwa, hata kama kinatosha kufutia miwani tu. Lakini sifa iliyowafanya wanawake wanene wawapite mafundi wengine wote wa mtaa bila hata kugeuza shingo ilikuwa nyingine kabisa. Kwa Fundi Bonge hupimwi kwa futi.

Futi alikuwa nayo, ndiyo, ule utepe wa kupimia, ila ilikuwa ya mapazia na vitambaa vya meza. Mteja akiingia alisimamishwa mbele ya kioo, kisha Fundi Bonge akamkumbatia. Si kumgusagusa, kumkumbatia barabara, kama shangazi uliyepotezana naye siku nyingi. Akimwachia alikuwa ameshajua: huyu amenizidi kiganja kiunoni, huyu mabega yake madogo kuliko yangu. Nguo aliikata, akaipiga bandi, ule mshono wa muda, akaivaa mwenyewe, akaongeza hapa akapunguza pale. Mwili wake ndio ulikuwa kipimo. Wateja walitoka pale wakicheka, na nani huchekea kupimwa?

Mambo hayo yalianza kwa ajili ya dada yake mkubwa, mwalimu. Walipokuwa wasichana, mama yao aliwapeleka kushonewa sare za shule. Fundi wa siku zile, Mungu amsamehe maana mimi nimeshindwa, alimzungushia Dada futi nyongani, akanyanyua kichwa na kupaza sauti kwamba aletewe futi nyingine aunganishe, hii haifiki. Duka zima likaangua kicheko. Dada hakulia. Alitoka nje akasimama juani mpaka mama alipomaliza, na tangu siku hiyo hakumruhusu mtu yeyote amzungushie futi. Mdogo wake alijifunza kushona kwa sababu hiyo tu. Na kwa kuwa miili yao ilikuwa sawa, shilingi kwa ya pili, kazi ilikuwa rahisi: akikata gauni, akilivaa, likimkaa yeye, limemkaa Dada. Wamezeeka hivyo.

Sasa ngoja nikueleze ya pete. Magoti ya Fundi Bonge yalikuwa yameanza kumgomea, presha ilipanda ikisahau kushuka, na ngazi za kwenda benki alizipanda kwa vituo kama treni. Daktari akamweleza kwamba kuna upasuaji: mfuko wa chakula unafungwa pete laini sehemu ya juu, chakula kinapita kidogo kidogo, na kidogo hicho kinashibisha. Chini ya ngozi ya tumbo kinawekwa kidude, ukubwa wake kama kifungo cha koti, ambacho daktari hukidunga sindano na kuongeza maji pete ikihitaji kubana zaidi. Alikaa na habari hiyo muda mrefu. Mwishowe akapiga moyo konde akaenda.

Alimwambia mumewe peke yake. Dada alikuja kuambiwa baadaye, jeraha likiwa limeshaanza kupona, na alichojibu ni "pole" moja tu, ile pole ya mwalimu anayepokea udhuru wa mtoro.

Husemwa mgonjwa haulizwi uji. Huyu aliulizwa, tena kwa vijiko! Alianza na vya majimaji, akaja vya kupondwa, kisha vya kutafuna mpaka taya zinachoka. Akala kwa kijiko cha chai kwenye kisahani cha kikombe. Kunywa huku unakula, marufuku. Mkate ulikuwa adui mkubwa, maana ulivimba na kukwama, na ukikwama kifua kilibana, mate yakafurika mdomoni, hana budi kukimbilia sinki. Haraka haraka haina baraka, daktari alimwambia, na hapo methali ilikuwa dawa kabisa. Ila kilichomsumbua zaidi si njaa. Ni mikono, iliyokuwa ikipakua kwa mazoea ya miaka, na macho, ambayo hayakufungwa pete.

Mumewe, fundi wa majokofu, mtu mpole asiyependa kuona chakula kinatupwa, alimalizia kila alichobakiza mkewe. Siku moja alisimama naye mbele ya kioo akapapasa kitambi chake kipya. "Kilo unazotupa wewe," akasema, "naziokota mimi." Fundi Bonge alicheka mpaka akashika ubavu.

Mtaani je? Watu nao! Mtu akinenepa wanasema, akikonda wanazika. Walianza kuulizana anaumwa nini. Mficha maradhi, walisema, na ile nusu ya pili ya methali wakaimalizia kwa macho. Wateja wapya waliingia dukani wakaulizia Fundi Bonge yuko wapi, naye kasimama mbele yao na mkasi mkononi. Aliyapuuza hayo. Magoti yalikuwa yametulia, usingizi ulikuwa wa kitoto, na benki alifika juu akiwa bado ana pumzi ya kumsalimia mlinzi.

Lakini kuna kitu ambacho daktari hakumwambia. Mwili unakonda kabla ya kichwa. Kichwani Fundi Bonge alikuwa yule yule. Milangoni bado alipita ubavu. Viti vya plastiki bado alivibonyeza kwa mkono kwanza kabla ya kuvikalia. Kioo kikimwonyesha mwanamke mwenye shingo ndefu, alimtazama kidogo kama mgeni aliyekosea mlango, kisha akaendelea na kazi.

Nguo zikaanza kurudi. Ya kwanza ilibana mkononi, ya pili kiunoni, ya tatu mwenyewe hakuweza hata kuipitisha kifuani. Fundi Bonge aliomba radhi, akafumua, akaachia mishono, huku moyoni akishangaa. Akamwambia mumewe kwamba wateja wake wote wamenenepa kwa pamoja, sijui ni hali ya hewa. Mumewe alikubali bila kubisha, maana alikuwa na ushahidi kiunoni mwake.

Basi ndipo Dada akaleta kitambaa. Alikuwa anastaafu. Siku ya Jumamosi shule nzima ingekusanyika kumuaga, wazazi na wanafunzi wake wa zamani, naye angesimama mbele yao kutoa hotuba yake ya mwisho. Kitambaa kilikuwa cha zambarau iliyoiva, kizito, cha heshima. Alikiweka mezani, akasema la Jumamosi, akaondoka bila kukaa. Zamani angekaa mpaka jioni.

Fundi Bonge alijua maana ya kile kitambaa. Dada angeweza kununua gauni dukani, lakini hakununua. Mlango kati yao ulikuwa haujafungwa, umerudishiwa tu. Kwa hiyo lile gauni alilishona kama mtu anayeomba msamaha: mshono wa ndani ukawa safi kama wa nje, upindo akaupiga kwa mkono. Alikata, akapiga bandi, akavaa. Akaongeza kidogo ubavuni, akikadiria kwamba yeye amepungua kidogo. Kidogo! Kitambaa kilichobaki kilikuwa kikubwa kuliko siku zote, na hata hilo halikumshtua. Alikikunja vizuri, kwa uaminifu wake, akakiweka juu ya gauni na kumpelekea Dada vyote pamoja.

Alhamisi gauni likarudi. Lililetwa na mpwa wake, binti ya Dada, ambaye hakutaka kuingia ndani.

"Mama amesema ulivae mwenyewe," akasema.

Mengine ilibidi ayavute kwake kama mtu anayechomoa uzi. Mama alilijaribu shuleni, ofisini, walimu wenzake walikuwa na hamu ya kuliona. Likakwama nyongani. Wakajitahidi kulishusha, likakataa kushuka wala kupanda. Mtu mmoja akacheka. Halafu mama akakitazama kile kitambaa kilichobaki, akasema kumbe nimeletewa na kipimo cha unene wa kupunguza. Sasa anasema Jumamosi haendi. Zawadi yao wampelekee nyumbani.

Fundi Bonge alifunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo asilolifanya hata kwa msiba. Akalivaa lile gauni. Likapita mabegani, likashuka, likakaa kiunoni na nyongani, limemzidi ubavuni kwa kile kidogo tu alichoongeza, kama lililoshonwa kwa ajili yake. Na kweli lilishonwa kwa ajili yake. Akakaa kwenye kiti cha cherehani. Wateja hawakuwa wamenenepa. Aliowakumbatia wote aliwapima kwa mwanamke ambaye hayupo tena, na nguo akawakatia kwa huyu mgeni wa kwenye kioo. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Akachukua gauni, akachukua futi ya mapazia, akaenda kwa Dada.

Dada alimfungulia, akamkaribisha kwa sauti ya kawaida, jambo lililokuwa baya kuliko kufokewa. Akamwekea chai na mkate, vipande vinene, vya siagi, kama walivyokula tangu utotoni. Halafu akakaa mkabala naye akatazama. Fundi Bonge aliuona mtego wala hakujali. Kukataa chakula cha Dada siku hiyo kungekuwa kumwagia moto petroli. Akamega, akatafuna haraka haraka, akameza. Akamega tena.

Ukakwama. Kifua kilimbana kama kimekanyagwa, macho yakamtoka, mate yakajaa mdomo. Alisimama kiti kikaanguka, akafika kwenye sinki ya jikoni akainama. Hapakuwa na la kufanya ila kusubiri, akitema povu na kutetemeka. Alisikia hatua nyuma yake, kisha mkono mpana ukatua mgongoni na kuanza kusugua taratibu, kama mama yao alivyokuwa akiwasugua wakipaliwa.

Ulipopita hatimaye, Dada alimpa kitambaa ajifute.

"Ndivyo unavyoishi?"

"Nikisahau tu. Nikila kama zamani."

"Mimi nilidhani umechukua njia rahisi," Dada akasema. Alifungua bomba akasuuza sinki, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akiwa amempa mgongo. "Tulikuwa wawili, mdogo wangu. Popote nilipoingia watu wakinitazama, nilijua kuna mwingine kama mimi. Ukaenda kimya kimya, ukaniacha na mwili huu peke yangu."

Fundi Bonge alikuwa na maelezo mengi aliyoyaandaa njiani: magoti, presha, daktari. Yote yakamponyoka. Likabaki lile la kweli.

"Ningekuambia ungenikataza, Dada. Na ungenikataza ningekutii."

Dada alimtazama mdogo wake kuanzia shingoni hadi miguuni, kwa mara ya kwanza tangu upasuaji, akamuuliza hicho kidude kiko wapi. Fundi Bonge akauchukua mkono wake akauweka tumboni, juu ya kile kifungo chini ya ngozi iliyolegea. Dada akakibonyeza kwa kidole, polepole, uso umekunjamana. Akauliza kama kinauma. Akajibiwa hakiumi, ila wakati mwingine usiku anakilalia na kuota ameketi juu ya kifungo cha koti. Dada akaguna, na guno lile lilikaribia sana kuwa kicheko.

Hapo Fundi Bonge akaeleza habari ya gauni. Akasema yote: kwamba alilivaa, likamkaa, na kwamba wateja wote amewaharibia nguo kwa ujinga huo huo. Kitambaa kilichobaki kinatosha kuongeza pande zote mbili, ila kukumbatia hakutoshi tena. Mikono yake siku hizi inazunguka mbali na inamdanganya. Akaitoa futi mfukoni, akaiweka mezani kati ya vikombe.

Dada aliitazama kama mtu anayetazama nyoka aliyekufa: unajua hana neno, lakini humsogelei.

"Nipime mimi kwanza," Fundi Bonge akasema.

Dada akasita, akaichukua. Akamzungushia kifuani, akamzungushia kiunoni, akasoma namba akiwa amesogeza futi mbali na macho, maana miwani ilibaki sebuleni. Hakuna dari iliyoanguka. Akamrudishia futi. Kisha akafumba macho akanyanyua mikono.

Fundi Bonge alipiga magoti, jambo ambalo magoti yake ya zamani yasingelikubali, akaipitisha futi nyuma ya nyonga za dada yake. Akaivuta mbele taratibu, ncha hii na ncha ile.

"Imefika?" Dada akauliza, macho bado kayafumba.

"Imefika, Dada. Na nyingine imebaki."

Dada akafumbua macho akainama kutazama. Zile ncha zilikuwa zimepishana, na kipande kilichobaki kilining'inia, urefu wa mkono wa mtoto. Akakishika, akakigeuzageuza. Alikuwa mtu mzima anayestaafu, ana wajukuu, na siku ile ya sare alikuwa msichana wa shule.

"Basi hata siku ile," akasema, "ilifika."

Fundi Bonge alibaki amepiga magoti, paji la uso ameliegemeza kwenye tumbo la dada yake, na Dada alimshika kichwa akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akanyanyua mikono tena.

"Haya, pima na mabega," akasema. "Jumamosi si mbali."