Arvid Anatafuta Waya, Bosi Anataka Koili

Saa tano asubuhi, theluji inadondoka juu ya gereji moja mjini Ishpeming, Michigan, na fundi Arvid Lahtela amepiga magoti mbele ya gari linalomisi, injini ikikatakata. Yuko hapo tangu saa mbili. Ncha moja ya mita ya umeme ameigusisha upande hasi wa betri, nyingine kwenye injini.

"Piga stata, mama," anamwambia mwenye gari, Colleen Beauchamp, anayehudumia wazee majumbani. "Ona. Hapa panatakiwa pasome karibu na sifuri. Panasoma volti mbili: umeme unapotea njiani."

Colleen ameshabadilisha koili tatu, zile zinazozipa plagi umeme, na plagi zote, kwa kuwa kompyuta ilisema silinda ya tatu haichomi mafuta.

"Haikudanganya," anasema Arvid. "Ilisema panapouma. Haikusema kwa nini."

Anapasua ganda la waya mzito unaounganisha injini na bodi. Nje mzima kabisa. Ndani ni unga wa kijani, kazi ya chumvi inayomwagwa barabarani kila baridi kuyeyusha barafu. Anafunga mpya. Injini inatulia.

Mwenye gereji, Keith Trevarrow, hafurahi.

"Saa tatu nzima kwa waya wa dola kumi na mbili? Mzee, unanifilisi. Kuanzia Jumatatu, kompyuta ikisema koili, funga koili."

"Na likirudi linatetemeka?"

"Tunafunga nyingine. Hutaki, mlango unaujua."

Arvid ana miaka sitini na moja, thelathini na nne kati ya hiyo katika kazi hii. Halipwi kwa saa za ukutani bali za kitabu kinachopangia kila kazi muda wake, na kitabu kinampa nusu saa ya kutafuta ubovu, hata autafute kutwa. Wiki iliyopita alishinda gerejini saa hamsini na mbili, akalipwa ishirini na nane. Fundi wa jirani yake humo gerejini, anayefunga vipuri bila kupima, alilipwa saa sitini.

"Ndiye fundi bora wa mwezi," anasema, akitafuna pasti iliyopoa, andazi la nyama na viazi. "Picha yake wameitundika kule chooni."

Jumatatu hatakuja. Mita ni yake, na nyumbani ana banda lenye jiko la kuni. Ameshaandika karatasi ya kubandika dirishani kwa muuza mikate: *Gari linamisi? Nipigie kabla hujanunua kitu.*

Na wenye magari wasipopiga?

Anafuta ncha za mita kwa kitambaa, moja baada ya nyingine.

"Basi nitajua walichokuwa wanataka miaka yote hii. Koili."