Pazia Lililopanda Lenyewe

Wifi yangu hutengeneza mapazia ya konokono. Wale wadogo wa baharini, saizi ya punje ya mahindi, wenye magamba ya mistari. Huwaokota mwambani, huwafukia mchangani ili sisimizi wale nyama, kisha hutoboa magamba kwa msumari na kuyatunga kwenye uzi wa nailoni. Nyumba yao imejaa. Ukikaa, unachomwa. Ukinywa chai, unatafuna.

Mdogo wangu, mumewe, akachoka. "Mke wangu, chagua. Hao au mimi." Akahamia kwenye kochi langu, na miguu yake mirefu, na mkoromo unaotikisa sufuria. Nikaona nitazeeka na huyu mtu sebuleni. Na nilishazeeka.

Kwa bahati, mwenye hoteli mmoja akasema atakuja kuona pazia. Akilipenda, atabeba na magamba yote yaliyobaki. Wifi, kwa pupa, akaona sisimizi wanamchelewesha. Akawaanika konokono juu ya bati, wakatulia tuli, akaanza kutunga.

"Wifi, hao hawajafa. Wamefunga mlango tu."

Konokono huyo ana kifuniko. Ukimuudhi anajifungia ndani.

"Kwani wewe umesomea konokono?"

"Sijasomea kitu. Ila aliyenuna namjua, analala kwangu."

Hakusikia. Akalitundika pazia mlangoni, na mgeni alipokaribia akalimwagia maji ya bahari ling'ae.

Mwenye hoteli yuko pale anasifu, pazia likaanza kupanda. Polepole, upande mmoja, kama sketi ya mtu anayevuka dimbwi. Konokono wameamka, wanaelekea darini na uzi wao. Walivuta mpaka fremu ya mlango ikang'oka, na asiyeamini akaitazame.

"Hili linajiendesha?" mgeni akauliza, anarudi kinyumenyume.

"Ni la kisasa," wifi akamjibu.

Mgeni akatimua mbio. Tulisikia viatu vyake tu, mpaka barabarani.

Jioni wifi akabisha hodi kwangu, mto kwapani.

"Wifi, wamenizuia kuingia chumbani."

"Nani?"

"Si hao."

Mdogo wangu akasogeza miguu bila kuulizwa. Sasa wako wawili kwenye kochi, wamepatana, wanachekeana kama maharusi. Kurudi kwao hakuzungumzwi. Mimi nimehamia jikoni, kwenye kigoda changu. Leo nimekikalia, kitu kikanichoma.