Lorna Hruska na Miezi Ishirini na Minne

Lorna Hruska alichukuliwa alama za vidole vyote kumi kituoni, akaweka dhamana ya dola elfu kumi, akafanya mtihani wa kurasa sita, akala kiapo, ndipo jimbo letu likamruhusu kumwambia mtu kwamba ana fedha zake zimelala mahali. Kila mwaka huanza upya, isipokuwa vidole. Naanza na hili kwa sababu linanikera hadi leo, na kwa sababu yeye mwenyewe sijawahi kumsikia akililalamikia.

Nimemfahamu miaka kumi na mmoja. Mimi hukaa kwenye dirisha la kumbukumbu za mirathi, chini kabisa ya jengo la mahakama, mahali ambapo jua hufika kwa nusu saa tu mchana. Lorna huja kila Jumanne asubuhi na koti lake la kijivu kuniuliza nani alikufa, aliacha nani, na hao walioachwa walihamia wapi. Zamani alikuwa karani wa mishahara katika kiwanda cha chuma, kule chini kando ya mto Ohio. Kiwanda kilipofungwa watu walitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, wakaacha nyuma hundi za mwisho, akiba ndogondogo na bima. Kampuni ikikaa na fedha za mtu miaka kadhaa bila kumpata, huzikabidhi kwa jimbo. Jimbo nalo huliandika jina lake kwenye orodha, kisha hukaa kimya. Kazi ya Lorna ni kuisoma orodha hiyo, kumtafuta mwenye jina, kumsaidia kudai chake, na kuchukua sehemu ya kumi. Zaidi ya hapo ni kosa.

Sheria za kazi hiyo ni nyingi, lakini iliyoleta kisa hiki ni moja. Mtafutaji mwenye leseni haruhusiwi kuandikiana mkataba na mtu yeyote kabla fedha hazijatimiza miezi ishirini na minne mikononi mwa jimbo. Sababu yake imeandikwa vizuri: jimbo lenyewe lipate nafasi ya kumtafuta mwenye mali. Nimefanya kazi ya serikali miaka kumi na tisa, najua jimbo linavyotafuta. Hutangaza majina mara moja gazetini. Gazeti letu lilikufa zamani, jengo lake sasa linauza magodoro.

Juu ya hizo, Lorna ana sheria zake mwenyewe, alizofundishwa na milango iliyofungwa usoni pake. Usipige simu wakati wa chakula. Usimfuate mfiwa kabla maua ya kaburini hayajakauka. Leseni ivae kifuani, usingoje kuulizwa. Na mtu anayeweza kujaza fomu mwenyewe mwambie ajaze, kisha nenda zako.

"Sasa wewe unakula wapi?" niliwahi kumuuliza.

"Kwa wale waliokufa wakaacha ndugu saba majimbo manne, na hawasemezani," alisema. "Hao watanilisha mpaka nife, mwanangu."

Mwezi wa tisa alikuja dirishani akaweka kidole juu ya jina moja: Delbert Yoho. Delbert alikuwa mwendesha winchi kiwandani, na kwa miaka kumi na minne Lorna ndiye aliyemwandikia hundi yake ya mshahara. Alifariki miaka sita nyuma. Bima ya maisha aliyoikata ujanani, ambayo mkewe hakujua habari zake, ilikuwa imefika kwa jimbo. Orodha haikusema ni kiasi gani. Ilisema tu "zaidi ya dola mia".

"Mjane wake ni Opal," Lorna alisema. "Ana miaka sabini na tisa. Mashine ya joto ya nyumba yake ilikufa mwezi wa tatu. Alikuwa anajipasha kwa kuwasha jiko la kuokea na kuacha mlango wake wazi."

"Miezi yake mingapi?"

"Ishirini."

Nilihesabu. Ingetimia ishirini na minne mwezi wa kwanza, katikati ya barafu. Lorna akaniomba nakala ya cheti cha kifo, akachukua fomu ya jimbo isiyolipiwa hata senti, akaniomba tufuatane Jumamosi.

Bi Opal alitukaribisha jikoni, akatumiminia kahawa. Ni mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno. Lorna akamweleza yote polepole.

"Bei yako ngapi?" Bi Opal aliuliza.

"Hakuna bei. Unajaza, unatia sahihi, unatuma."

"Nakuuliza wewe unapata nini."

"Sipati kitu. Kwa sasa hata nikitaka, sheria hainiruhusu."

Bi Opal aliigeuza fomu akatazama nyuma yake, kisha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Sikumlaumu. Bonde hili limeletewa vitu vingi vya bure. Walikuja wa madirisha ya bure, baadaye watu wakakuta nyumba zao zimewekwa rehani. Walikuja wa miwani ya bure, wa vidonge vya bure. Watu wetu wanamwogopa mtu asiyetaka kitu kuliko wanavyomwogopa mwizi, kwa maana mwizi unajua anachotaka.

"Nitafikiria," alisema, akaiweka fomu chini ya chombo cha sukari.

Tuliporudi Jumamosi iliyofuata, fomu ilikuwa palepale. Kando yake palikuwa na karatasi nyingine, nzito, ya kurasa tano, na sahihi ya Bi Opal kwenye ukurasa wa mwisho. Kijana mmoja aitwaye Trent Ashbaugh, wa kampuni moja ya mji mkuu wa jimbo, alikuja Jumatano, akamwachia hundi ya dola elfu moja na mia mbili.

Lorna alisoma kurasa zote tano akiwa amesimama. Hakuvua koti.

"Bi Opal, umemuuzia."

"Nimemuuzia nini?"

"Haki yako. Fedha za Delbert zote, ziwe ngapi, sasa ni za kampuni yake."

"Alisema atanitafutia, yeye atoe chake." Bi Opal alikunja mikono. "Na usinitazame hivyo. Wewe ulikuja na bure yako. Nani siku hizi anafanya kazi ya bure? Yule angalau alisema wazi kwamba anataka kula."

Lorna alikaa. Garini aliniambia jambo ambalo mimi, na cheti changu cha chuo, sikuwa nikilijua: mtu anayetafuta fedha za wengine kwa sehemu ya kumi lazima awe na leseni, dhamana na vidole, na angoje miezi yake. Lakini anayezinunua fedha hizo kwa mwenyewe, hata kwa bei ya kutupa, si mtafutaji. Ni mnunuzi. Sheria haimjui. Hana leseni, hana kiwango, hana miezi. Nilimwuliza nani aliyetunga sheria kama hiyo. Akaniambia niangalie barabara.

Tulipeleka malalamiko kwa jimbo, Bi Opal akiyatia sahihi yeye mwenyewe, na mwishoni mwa mwezi wa kumi tukaitwa mji mkuu kwenye kikao. Nilichukua ruhusa kazini nikaendesha mimi. Bi Opal alikaa mbele na mkoba mapajani, akasema mara moja tu, katika saa mbili, kwamba nyumbani palikuwa na nyuzi joto tisa alipoamka.

Msikilizaji wa malalamiko alikuwa ofisa wa jimbo, Bi Teague, mwanamke mwenye mafua na rundo la mafaili. Lorna alisimama kueleza.

"Una mkataba na Bi Yoho?" Bi Teague aliuliza.

"Sina. Sheria inanikataza kuwa nao mpaka mwezi wa kwanza."

"Basi huwezi kumsemea."

"Yaani ninyamaze kwa kukosa karatasi ambayo ninyi ndio mmenikataza?"

"Keti, Bi Hruska."

Akakaa. Na Trent Ashbaugh, ambaye hana leseni hata ya kuuza karanga, akaongea dakika ishirini, kwa kuwa yeye ni mmiliki wa haki ile. Alisema biashara ilikuwa halali, ya mtu mzima na mtu mzima. Kisha Bi Teague akafungua faili akasoma kiasi, kwa sauti ileile ya kusoma tarehe: dola elfu kumi na tisa, mia sita na arobaini.

Bi Opal alimgeukia Ashbaugh. "Ulikula vipande viwili vya pai ya tufaa kwangu," alimwambia. "Cha tatu nilikufungia."

"Bi Yoho, sema na mimi," Bi Teague alisema. "Ulimuuzia au hukumuuzia?"

"Mama, mimi nimeuza ng'ombe, nimeuza gari la marehemu, nimeuza meno ya dhahabu ya mama yangu. Kuuza nakujua. Mtu hutaja bei akiwa anajua anauza nini. Huyu alisema atanitafutia hela za Delbert. Nikamwambia haya, tafuta."

"Ni namna ya kuzungumza tu," Ashbaugh alisema.

"Sijauliza namna," alisema Bi Teague, akapenga kamasi. "Nauliza kama ulimwambia utamtafutia."

Ashbaugh alitazama karatasi zake. "Huenda nilisema."

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

Bi Teague aliandika kwa muda mrefu. Anayeahidi kutafuta, alisema, ni mtafutaji, karatasi yake ijiite vyovyote. Huyu hana leseni, na miezi ishirini na minne haijatimia. Mkataba ni batili. Bi Yoho arudishe ile hundi, ajaze fomu ya jimbo, alipwe chake chote. Bi Opal aliijaza pale pale mezani, na Lorna alipomsogezea kalamu aliipokea bila kumtazama. Fedha zilifika wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, na mashine mpya ya joto ikafungwa kabla ya Krismasi.

Ningependa kuishia hapo. Lakini wiki mbili baada ya kikao Lorna alipokea barua ya jimbo. Ilimpa onyo la maandishi kwa kumwendea mwenye mali kabla ya muda, ingawa sheria inakataza mkataba tu, na onyo hilo litakaa kwenye faili lake miaka mitano. Bi Teague, kwa uungwana au kwa uzembe, sijui, aliambatisha nakala ya barua iliyopelekwa kwa Ashbaugh. Niliziweka mbili hizo pamoja kwenye meza yangu. Zilikuwa barua moja. Aya zilezile, onyo lilelile. Wamebadilisha jina tu. Ila Ashbaugh hana leseni ya kupoteza, kwa hiyo onyo lake halina mahali pa kukaa. Jimbo lilimtazama mwanamke aliyekwenda kumwambia mjane ukweli bila senti, likamtazama mwanamume aliyetaka kumla, likaona watu wawili waliofanya kosa moja.

Nilimwambia Lorna akate rufaa. Nilimwambia nitaiandika mimi, na nitaiandika kwa maneno ambayo hawajapata kuyasoma.

"Nani ataisoma?" aliuliza. "Nipe faili la Gertrude Sowash, alikuwa karani wa stoo. Ana binti, nadhani yuko Erie."

Nilikwenda kulitafuta. Niliporudi nalo nikalishikilia upande wangu wa dirisha.

"Lorna, huyu miezi yake mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Una onyo kwenye faili. La pili wanakunyang'anya leseni."

"Najua kusoma, mwanangu."

Alinyoosha mkono, akangoja. Nyuma yake palikuwa na watu watatu kwenye foleni, na mmoja alianza kukohoa ili nimwone. Nikampa.