Thelathini Yangu Ndani ya Mtumbwi

Nilitimiza miaka thelathini nikiwa nimechoka kiasi kwamba mtu angeniuliza nataka zawadi gani, ningemwambia godoro na mlango unaofungwa. Hakuna aliyeniuliza.

Mume wangu anachimba dhahabu Mwakitolyo, na wiki ile simu yake haikuwa inapatikana. Mimi nilikuwa wodini na mwanetu mchanga, nimonia, nalala nimekaa huku nimemshikia mpira wa oksijeni asiung'oe puani. Tuliporuhusiwa, daktari alinipa sharti moja, akalirudia kama anaongea na mtu asiyesikia vizuri: mtoto asilowe, asipigwe na baridi, kifua bado hakijapona sawasawa.

Kesho yake mume wangu akaingia nyumbani Ngokolo na furaha zake. Duara lao lilikuwa limetema. Huko machimboni maana yake shimo limetoa dhahabu, na shimo likishatema mwanaume hatulii, lazima afanye jambo watu waone. Kumbe alipopata mtandao alimpigia dada yake, siyo mimi. Yeye na huyo wifi yangu walikuwa wameshapanga kila kitu. Bethidei yangu ingefanyika ziwani, upande wa Geita, tukitembea kandokando ya ufukwe kwa mtumbwi wa tanga. Mitumbwi ya injini ipo tele, lakini wifi alisema injini haipendezi kwenye picha.

Nikasema mtoto anaumwa. Mume wangu akasema si mmeruhusiwa? Nikasema nimechoka. Akasema ndiyo maana nakupeleka ukapumzike. Sikuwa na nguvu ya kubishana, na mtoto ananyonya, kwa hiyo nikienda naye anaenda. Nikamwambia basi, twende, ila mtu asinimwagie maji. Maana watu wetu tunawajua. Ukiwa na bethidei wanakuvizia na ndoo, uwe kazini, uwe chuoni, uwe umetoka kusuka nywele, hawajali, na usipolowa wanaona hujapendwa. Nikamwambia hiyo ya maji hapana, nina mtoto mgonjwa. Akaapa.

Tulikuwa watano ukiacha mtoto: sisi wawili, wifi, rafiki wa mume wangu wa hukohuko shimoni, na mwenye mtumbwi, mwanaume wa makamo asiye na maneno mengi. Alituambia kitu kimoja, kwamba kwenye chombo hiki watu hukaa, hawasimami. Mume wangu anashuka shimoni kwa kamba bila kupepesa macho, lakini pale alikumbatia mlingoti kwa mikono miwili kama mtoto aliyeshika mguu wa mama yake. Nilicheka. Nasema ukweli, nilicheka.

Na kwa muda kidogo nilipumzika kwelikweli. Miamba ya ufukweni ilikuwa inapita polepole, injini hakuna, kelele hakuna, tanga limejaa upepo juu yetu. Lilikuwa zito, la pamba, limetiwa viraka vya mifuko ya unga. Mtoto alikuwa amelala kifuani mwangu ndani ya blanketi. Pumzi yake ilikuwa imetulia, ile sauti ya kukwaruza siisikii tena. Nikafumba macho.

Nikasikia wanaimba. Kisha maji.

Lilikuwa kopo la kukumbia maji ya mtumbwini, limejaa, na lilianzia kichwani kwangu. Aliyelishika ni mume wangu. Wifi naye akaja na ndoo, yule rafiki wa shimoni akaja na jagi, wote wakasimama upande wangu, mtumbwi ukalala na ziwa likaingia lenyewe kumalizia kazi. Mwenye mtumbwi akawafokea kwa Kisukuma wakae chini.

Mtoto hakulia. Hicho ndicho kilichonitisha. Alivuta pumzi ikakwama, akanikodolea macho, kisha kikohozi kikaanza.

Nikamvua kila kitu. Blanketi limelowa, khanga imelowa, begi la nguo zake linaelea miguuni pamoja na boksi la keki. Wao wenyewe walikuwa wamemwagiana, hakuna mwenye hata kitambaa kikavu.

"Si maji tu, mama watoto," mume wangu akasema. "Yatakauka."

Nilikuwa natazama juu, kwenye tanga.

"Shusha tanga," nikamwambia mwenye mtumbwi.

"Tukishusha itabidi kupiga kasia, mayu. Na upepo tutakutana nao usoni," akasema. Mayu kwao ni mama.

"Watapiga."

Akalishusha. Lilinuka dagaa, lakini lilikuwa kavu na bado lina joto la jua. Nikamzungushia mwanangu mara mbili, mara tatu, nikabakiza pua. Mume wangu na rafiki yake wakapewa makasia. Wanajua sururu, kasia hawalijui, walikuwa wanarusha maji kuliko kusukuma mtumbwi, na mwenye mtumbwi akawauliza hayo maji wanamrushia nani. Keki iliyeyuka humohumo, hakuna aliyeitaja. Wifi akasema wao walitaka tu nifurahi.

"Nilikuwa nimelala, wifi. Furaha yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo."

Kutoka ufukweni tulienda moja kwa moja zahanati, mtoto akiwa ndani ya tanga bado. Muuguzi aliuliza imekuwaje. Nikamwonyesha baba yake, nikasema huyu atakueleza. Akaeleza. Kichwa chini, maneno machache, kwamba alimmwagia maji. Muuguzi alisikiliza kile kifua mbele na nyuma, taratibu, na mimi nikawa nimezuia pumzi yangu mwenyewe. Akasema hewa inaingia vizuri pande zote, tuendelee na dawa, na huyu asilowe tena.

Gesti ya Geita, mchana uleule, mume wangu alisimama katikati ya chumba akaniuliza anifanyie nini nimsamehe. Hasira ninayo mpaka leo, sitaki kudanganya. Nikamwambia avue shati, nikamlaza mtoto kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, nikawafunika.

"Sikiliza anavyopumua," nikamwambia. "Ikibadilika, niamshe. Isipobadilika, usiniguse."

Nikafunga mlango. Nikalala.