Sikio la Pili

Kazini walimwita Mama Kimya, na jina lilimkaa. Si kwamba alikuwa mpole, la hasha. Neno lenyewe ndilo lililomtoka kinywani mara nyingi kuliko salamu. Ukiburuta kiti, "Kimya!" Ukipiga chafya karibu na kinasa sauti, "Kimya jamani, afya baadaye!" Mumewe, aliyebaki nyumbani kwao na kazi yake, alikuwa akitania kwamba siku mkewe alipohamishiwa ofisi ya nje, yeye alikohoa sebuleni kwa raha zake kwa mara ya kwanza tangu waoane.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo lililokuwa ghala la nguo, katika mji wa kigeni ulio karibu na mpaka. Iliwekwa hapo kwa sababu redio za nchi ya ng'ambo ya mpaka zilisikika vizuri, bila kukwaruza. Kazi ilikuwa kusikiliza taarifa za habari za nchi hiyo tangu alfajiri, kuzitafsiri, na kuzituma makao makuu. Serikali ya wenyeji iliwaruhusu kukaa kwa sharti moja, kwamba habari yoyote ya hatari ipelekwe kwao pia, papo hapo. Mtu asije akadhani walikuwa majasusi. Walikuwa watu wa kukaa kitako kutwa na kuumwa mgongo.

Mama Kimya, mkuu wa ofisi hiyo, alikuwa na sheria zake mbili, na ole wako uzichezee. Ya kwanza, habari ya hatari haitumwi mpaka masikio mawili yaisikie, yaani wasikilizaji wawili, kila mmoja na hedifoni yake. "Lisemwalo lipo" kwake ilikuwa methali ya wavivu. Ya pili, makapi hayasikilizwi. Makapi ni hali ya hewa, salamu za wapenzi wa redio, matangazo ya vifo. Yakianza, unavua hedifoni, unakunywa chai.

Asubuhi ya siku hiyo, Mama Kimya hakuwa Mama Kimya. Alikuwa akiimba puani. Binti yake pekee, nesi katika hospitali moja ng'ambo, alikuwa amepata likizo na anakuja. Alikuwa amepiga simu alfajiri.

"Mama, tumeshatoka. Basi limejaa mpaka mlangoni, halafu kuna mtoto wa watu kanilalia begani, ananidondoshea mate."

"Mvumilie. Na wewe ulidondoshea watu."

"Umepika?"

"Njoo kwanza, ndio uulize vya jikoni."

Ofisi nzima ilijua habari hiyo. Shangazi, msikilizaji mkongwe, mzaliwa wa ng'ambo aliyeolewa upande huu zamani, alikuwa ameleta shuka mpya kwa ajili ya kitanda cha mgeni. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, ila huyo binti alimwita hivyo, na yeye alilichukulia jina kwa uzito wote. Mwenzake, Mwalimu, aliyefundisha lugha kabla ya kuchoka na chaki, alimtania: "Mwaka huu tutaambiwa hata 'karibu' badala ya kimya."

Utani haujaisha, Mwalimu akanyoosha mkono juu.

Ndiyo ilikuwa ishara yao. Mkono ukienda juu, kila mtu huacha alichoshika. Mwalimu alisikiliza huku amefumba macho, kisha akashusha hedifoni shingoni.

"Wamekata taarifa ya habari," akasema. "Ni muziki wa bendi ya jeshi. Kabla ya hapo sauti ngeni imesoma tangazo. Wanajeshi wameshika nchi. Watu wakae ndani. Atakayeonekana barabarani asilaumu."

"Umesikia vizuri?"

"Kama ninavyokusikia wewe, mama. Wamesema watarudia baada ya muziki."

Mama Kimya alijua kitakachofuata. Mara ya mwisho kulipochafuka ng'ambo, wenyeji walifunga geti la mpaka kabla hata chai haijapoa, na hawakulifungua msimu mzima. Akituma habari hii sasa, geti linafungwa sasa. Na mwanawe yuko upande ule wa geti.

Akapiga simu. Haikuita hata. Akapiga tena, na tena.

"Shangazi," akasema, na sauti ilimtoka nyembamba, "wewe ndio sikio la pili. Vaa."

Shangazi alivaa hedifoni. Muziki uliisha. Midomo ya Mwalimu, aliyekuwa akisikiliza naye, ilikuwa ikifuatisha maneno ya tangazo, neno kwa neno. Shangazi hakutikisika. Alimtazama Mama Kimya usoni muda wote huo, macho yakimjaa maji, halafu akavua.

"Yanakwaruza, mama. Sijapata kitu."

Mawimbi hayakuwa yakikwaruza. Mwalimu alifungua mdomo, akatazama shuka mpya iliyokunjwa juu ya meza, akaufunga.

"Tusubiri warudie," Shangazi akaongeza. "Sheria si ndiyo hiyo? Masikio mawili. Tusubiri tu."

Naam, sheria ndiyo hiyo, na ni Mama Kimya mwenyewe aliyewakaririsha. Hakuna bosi yeyote makao makuu ambaye angemlaumu. Angeweza kukaa pale na mikono mapajani, sheria imemkinga, na basi likaendelea kukata barabara kuelekea getini. Mama Kimya alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote. Tusidanganyane, alilitaka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Akasogea dirishani apate hewa, na hapo ndipo alipokosea, kama ni kukosea. Chini, mtaa wa pili, ilionekana stesheni ya reli, na treni ya kwenda ng'ambo ilikuwa inapakia. Kina mama walikuwa wakisukuma mafurushi kupitia madirishani. Mzee mmoja alikuwa akipandisha wajukuu mmoja mmoja, na kila akipandisha mmoja, mwingine anashuka. Hawakujua lolote. Walikuwa wanagombania viti vya kwenda barabarani ambako atakayeonekana asilaumu.

Treni ikapiga honi ya kwanza. Ya pili ikipigwa, inaondoka.

Alikaa kama aliyekalia miba. Akajiambia basi limekaribia. Akajiambia labda treni itachelewa, mbona huchelewa kila siku, mbona leo tu ndio iwahi? Alitazama simu. Alimtazama Mwalimu, aliyekuwa akitazama viatu vyake.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu awe mkuu. Mkuu havai hedifoni, kazi yake ni kuamua. Lakini kabla ya ukuu alikuwa msikilizaji, na lugha ya ng'ambo aliijua. Akamnyang'anya Shangazi hedifoni.

"Mama, usivae," Shangazi akamwambia, akamshika mkono. "Nakuomba. Ukisikia, umesikia."

"Najua."

Akavaa. Bendi ilimaliza. Sauti ngeni ikasoma tangazo lote, polepole, safi, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Sikio la pili ni langu," akasema. Akaandika mwenyewe, akatuma makao makuu, akatuma kwa wenyeji. Katika kutuma alikosea namba ya kufungulia mashine, ikabidi Mwalimu amsaidie.

Honi ya pili haikupigwa. Walitazama kutoka dirishani watu wakishushwa kwenye treni, wanalalamika, wanatukana, mafurushi yanarudi yalikotoka. Mzee aliwahesabu wajukuu wake, akawahesabu tena. Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa ile shuka.

Simu iliita chai ya Mama Kimya ikiwa bado inafuka moshi.

"Mama! Mama, unanisikia? Wametufungia geti hivi hivi tunaliona! Mbele yetu kuna malori mawili tu. Malori mawili, mama! Dereva anasema wanajeshi wanageuza mabasi yote yarudi. Hata sisi hatujui kuna nini, hawa wa huko wamejuaje mapema hivi? Nani kawaambia?"

Mama Kimya aliishika simu kwa mikono miwili.

"Ni mimi," akasema. "Mwanangu, ni mimi."

Simu ilikuwa kimya. Alirudia mara kadhaa, akilitaja jina la mwanawe, mpaka Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba laini imekatika. Hajui kama neno lake lilifika kabla ya kukatika au baada. Geti bado limefungwa, na simu za ng'ambo haziiti.

Siku hizi anafika kazini mapema, anasalimia watu, na ukiburuta kiti hakwambii kitu. Wenzake wangetoa hata pesa apige kelele ile ya zamani. Sheria ya masikio mawili ipo palepale. Ile ya makapi imekufa bila mtu kuifuta. Redio ya ng'ambo inaposoma matangazo ya vifo, ambayo sasa ni marefu kuliko habari, hakuna anayekwenda kunywa chai. Mama Kimya hutoka ukumbini, hufunga mlango wa ofisi yake, hukaa na mikono mapajani.

Yakiisha, Mwalimu na Shangazi huja pamoja. Haji mmoja. Husimama mlangoni bega kwa bega, na mwenye kusema ni Shangazi.

"Tumesikiliza wawili, mama," humwambia. "Hayumo."