Shavu la Kulia

Ushawahi kuamkiwa shikamoo na mtu aliyekuzidi miaka thelathini, nawe ukamjibu marahaba?

Muhiddin ameshafanya hivyo. Ilikuwa Ijumaa, nje ya msikiti mmoja wa Mlandege, watu wanasukumana kutafuta viatu vyao. Mzee mmoja wa kanzu na kofia ya viua akamjia ubavuni, upande wa kulia, akampa mkono kwa adabu.

"Shikamoo."

Muhiddin ana miaka thelathini na mmoja. Bila hata kugeuza shingo akaitika kwa sauti nzito, "Marahaba baba, hujambo?"

"Sijambo. Namuulizia kijana mmoja, Muhiddin, muuza maji."

"Ndiye mimi."

"Wewe?"

"Naam."

"Babake?"

"Mwenyewe."

Mzee akauvuta mkono wake, akaufuta kwenye kanzu, akaenda zake bila kuaga.

Kiburi hakikuwemo, wallahi. Ni mazoea tu. Kwa miaka miwili Muhiddin amekuwa akiamkiwa na watu wazima: wauza samaki, makonda, mama mmoja mwenye wajukuu watano pale Bububu. Mwanzoni alikuwa akikanusha: "Mama, mie mwanao." Baadaye akachoka. Kukanusha shikamoo ishirini kwa siku ni kazi nyingine, na mtu ana maji ya kupeleka.

Maji ndiyo riziki yake. Ana shahada ya kemia, aliyoifuata Bara akarudi nayo akiwa na azma ya kuigeuza Unguja juu chini. Unguja ikamsikiliza kwa upole, kisha ikampa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, awe anapeleka katoni za maji madukani, tangu Bububu mpaka Mwanakwerekwe. Kirikuu chenyewe hakina kiyoyozi. Kioo cha upande wa dereva kiliteremka miaka saba iliyopita na hakijapanda tena. Basi kwa miaka saba jua limekuwa likimpiga shavu la kulia. La kushoto limebaki laini, la kijana aliyelelewa kwa maziwa. La kulia limekunjamana, lina madoa, na pembeni ya jicho imejichora mistari mirefu kama nyayo za kuku mchangani. Ukimtazama kushoto ni bwana harusi. Ukimtazama kulia ni baba wa bwana harusi.

Hilo lisingekuwa neno, lau mzee yule asingekuwa Mzee Mbarouk, ami yake Zuleikha.

Zuleikha ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kushonea Mwanakwerekwe. Wiki ile ile Bi Mwanapili, shangazi yake Muhiddin, alikuwa amempelekea posa. Babake Zuleikha ameshafariki, kauli iko kwa ami. Na ami, kama ilivyo ada ya watu makini, hakutaka kuambiwa sifa za mposaji na watu. Alitoka mwenyewe akamtazame kimya kimya. Akaja bila miwani. Akaja upande wa kulia.

Jumamosi Bi Mwanapili akarudi kutoka kwa Mzee Mbarouk, Mji Mkongwe, akavua buibui, akakaa kitako bila ya kuomba hata maji.

"Wanasema wewe mtu mzima."

"Shangazi, si nna thelathini na moja?"

"Nshawambia. Wananambia huyo ana wajukuu. Mzee Mbarouk anauliza wake zako wa mwanzo umewaficha wapi."

"Nnacho cheti cha kuzaliwa!"

"Nimewambia na hicho. Anasema alichokiona si cheti, ni uso. Na ukamwitika marahaba! Mtoto gani wewe?" Akashika kichwa. "Jumapili ijayo, baada ya alasiri, uende barazani kwake akutazame na miwani. Hapo ndipo atakapojibu. Na akisema hapana ndiyo hapana, mie sirudi tena kule kuaibika."

Zilibaki siku nane.

Hapa sharti msomaji aambiwe jambo ambalo Muhiddin angependa asiambiwe. Yeye ndiye aliyekuwa akizunguka maskulini kila Jumamosi akihutubia dhidi ya mkorogo na kila aina ya krimu. Mwaka uliopita alisimama na kipaza sauti mbele ya duka la dawa la Marziya, Mlandege, akanguruma: "Uzuri hauuzwi kwenye kopo! Hawa wanavuna hofu za mama zetu!" Watu walipiga makofi. Marziya mwenyewe alitoka, akamletea chupa ya maji, akamuuliza kama ameshamaliza, akarudi ndani. Baadaye sana ndipo Muhiddin alipojua kwamba duka lile halijawahi kuuza mkorogo hata kopo moja. Alikosea duka. Hakwenda kuomba radhi, maana aliona hotuba yenyewe ilikuwa nzuri.

Jumamosi hiyo jioni aliingia humo humo, kofia imemfika kwenye nyusi.

"Karibu, Mwalim," Marziya akamwambia kutoka nyuma ya kaunta. Ni mwanamke wa makamo, mjukuu wa mzee Hasanali aliyelifungua duka lile. "Leo kipaza sauti kiko wapi?"

"Nimetumwa na rafiki yangu. Ana mikunjo usoni."

"Shavu gani?"

"La kulia."

"Kama hilo lako?"

"Lake limezidi kidogo."

Marziya akamgeuza uso kwenye taa kama anayechagua embe. "Chini ya ngozi mna nyuzi zinazoibana isilegee, mfano wa mpira wa kiunoni kwenye suruali. Umri unazichosha, lakini jua ndilo linalozikata hasa. Hata ukipandisha kioo, iko mionzi inayopenya. Rafiki yako anavuta sigara?"

"Ameacha."

"Tangu lini?"

"Jana."

"Mashallah. Sigara nayo inazikata hizo hizo."

"Dawa yake?"

"Kuna sindano. Wanaichoma kwenye misuli ya paji, misuli inalala, mikunjo inanyooka. Baada ya miezi mitatu, minne, inaamka, unarudi kuchomwa tena. Kuna ya kujazia mabonde. Kuna mwanga wa leza. Hapa sichomi mtu. Hiyo ni kazi ya daktari wa ngozi, si ya saluni. Lakini wewe hivyo vyote si unavipinga?"

"Navipinga kimsingi."

"Na Jumapili je?"

Muhiddin akaivuta kofia chini zaidi. Mlandege nzima ilikwishajua kuhusu Jumapili.

Marziya akampa vitu viwili: mafuta ya kukinga jua, apake kila asubuhi, na krimu ya vitamini A. "Hii ni ya usiku. Punje ya mbaazi kwa uso mzima, mara mbili kwa wiki. Baada ya miezi mitatu utaanza kuona tofauti."

"Mie nna siku nane."

"Ngozi haina haraka kama yako, Mwalim. Ukizidisha itakubabua."

Mtu asiye na elimu angemsikiliza. Muhiddin ana shahada. Akafikiri kisomi: ikiwa mbaazi mbili kwa wiki hufanya kazi kwa miezi mitatu, basi kijiko kimoja kila usiku kitaimaliza kazi kwa wiki moja. Akapaka kijiko. Akapaka upande wa kulia tu, kwa kuhofia wa kushoto usije ukawa wa mtoto. Mafuta ya jua akayasahau kwenye mfuko, kwani alikuwa na imani kubwa zaidi na kijiko.

Siku ya tatu shavu likaanza kuwasha. Siku ya tano likawa jekundu kama pweza aliyechemshwa. Jumamosi likaanza kuambuka, magamba yanadondoka kwenye sahani ya wali, na mikunjo yote ikiwa pale pale, sasa inaonekana kwa wekundu hata ukiwa mbali.

Bi Mwanapili alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Kisha akasugua liwa, ule mti wa kunukia, kwenye jiwe lake kwa maji ya mawaridi mpaka ikawa rojo la manjano, akampaka shavu zima. "Liwa inatuliza. Kaa nayo usiseme neno. Ukisema inapasuka."

Kwa mara ya kwanza tangu atoke chuoni Muhiddin alikaa siku nzima bila ya kumhutubia mtu.

Jumapili aliosha, lakini umanjano wa liwa ukagoma kutoka kwenye nyufa na ndevuni. Akaenda hivyo hivyo. Mzee Mbarouk alikuwa barazani kwake, miwani machoni. Akautazama upande wa kushoto kitambo. Akamwashiria ageuke.

"Huku kuna nini? Umeungua?"

Njia nzima Muhiddin alikuwa ameuandaa uongo: mafuta ya kukaangia yalimrukia. Alifungua kinywa autoe.

"Nimejipaka krimu, mzee wangu."

Nyuma ya pazia la mlango mtu akacheka, akajiziba mdomo.

"Si wewe uliyekwenda skuli ya wajukuu zangu ukasema wanaojipaka makrimu ni watumwa?"

"Ndiye mimi."

"Ukasema watupwe baharini?"

"Makopo, mzee. Si watu."

"Ahaa. Sasa wewe kimekupata nini?"

Muhiddin akasema yote. Alieleza kioo kisichopanda, miaka saba ya jua, sigara, kijiko badala ya mbaazi. Alieleza taratibu, akitazama sakafu, bila ya neno moja la kupigiwa makofi. Akasema alitaka aonekane kijana, kwa kuwa alimtaka Zuleikha na hakujua namna nyingine. Na marahaba ile, akasema, ilimtoka tu kwa mazoea, anaomba radhi.

"Jua tu?" Mzee Mbarouk akauliza. "Na wake je?"

"Hata mmoja hakuna."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akalitazama shavu kwa mara ya mwisho. Hakucheka, wala hakukunja uso. "Haya, nenda. Jibu litakufika."

Usiku ule Muhiddin alilala chali ili asilalie upande wowote, akajihesabu mtu aliyekataliwa.

Kesho yake asubuhi alitoka mlangoni kwenda kupakia maji, akasimama. Mzee Mbarouk alikuwa kando ya kirikuu, amekipa mgongo, tasbihi mkononi, anasoma kibao cha duka ambalo halijafunguliwa. Kwenye dirisha la dereva alikuwa Zuleikha, utepe wa kupimia shingoni, pini tatu midomoni, ameshikilia kitambaa kizito cheusi, anapima upana wa dirisha.

"Umwachie nafasi akione kioo cha pembeni," mzee akasema bila ya kugeuka. "Asije akatuulia watu kabla ya ndoa."

Zuleikha, pini zikiwa bado midomoni, akapima tena kutoka juu mpaka chini, akaandika namba kwenye kiganja chake.