Datius na Friji la Kwenye Tela

Katika barabara zote za Ziwa Magharibi hakukuwa na honi iliyojulikana kama ya Datius Lwakatare. Zilikuwa mbili, moja ya sauti nene na nyingine nyembamba, alizozing'oa kwenye lori bovu na kuzifunga mwenyewe kwenye Landrova ya kliniki. Kila alipopita Kagondo, kwake, alizipiga mpaka mkewe Klaudia akatoka migombani na kumpungia jembe.

Gari alijifunza kwenye lori la misheni ya Kashozi, kwanza akipakia kahawa, kisha akishika usukani padri alipochoka. Uhuru ulimkuta ana leseni, suruali ya kaki iliyopigwa pasi, na maoni juu ya kila injini. Miaka kumi baadaye, vijiji vya ujamaa vilipokuwa vikianzishwa upande wa Muleba, alipewa kazi aliyoiona kubwa kuliko zote: kuvuta tela la chanjo.

Tela lenyewe lilikuwa nyumba ya magurudumu, mali ya Mzungu mmoja wa kahawa aliyeiacha aliporudi kwao. Ndani mlikuwa na kitanda cha kukunja na friji dogo. Tela likiegeshwa, friji liliendeshwa kwa utambi wa mafuta ya taa. Likiwa njiani, lilipaswa kupata umeme wa betri ya gari, maana moto usingestahimili yale mashimo, na hakuna mwenye akili anayekokota moto nyuma yake.

Chanjo ilikuwa mikononi mwa Ephrasia, muuguzi ambaye watu walimwita Sista ingawa alikuwa na mume na watoto. Hakuwa mtu wa kuharakishwa.

"Safari ya kwanza sipakii chanjo," alisema. "Napakia chupa za maji na kipimajoto."

"Sista, huniamini?"

"Wewe nakuamini. Friji silijui."

Datius akavuta waya kutoka kwenye betri mpaka kwenye tela, waya mwembamba wa taa uliokuwa karibu. Wakaondoka Bilele, pale mjini, asubuhi. Walipofika Kemondo, Ephrasia akafungua friji na kukuta maji ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Datius akaushika waya, akauachia upesi. Ulikuwa wa moto.

"Umeme wote unaishia njiani," alisema akipuliza vidole. "Friji linataka kunywa kwa kata, mimi nimelipatia mrija."

Mara ya pili alifunga waya mnene. Maji yakapoa vizuri, wakaingia kijijini Muleba wakichekelea. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mwijage, akawakaribisha ebitoke, ndizi za kupikwa, na maharage. Wakala, wakashiba, wakaongea habari za kahawa na za mvua, wala hakuna aliyekumbuka kuuchomoa ule waya. Waliporudi garini maji yalikuwa baridi ya kuuma meno. Datius akawasha. Stata ikasema "ka", ikanyamaza.

"Limeinywa betri yote," Datius alisema kwa unyonge.

Mzee Mwijage akawaita watu kutoka shamba la kijiji. Wakaja na majembe begani, wakalitenganisha tela na gari, wakaisukuma Landrova kuelekea mteremko huku wakiimba. "Sukumeni!" mzee alipaza sauti. "Gari la wote hili!" Injini ikashika katikati ya mteremko, na Datius akapiga honi zote mbili kwa furaha mpaka mbuzi wakakimbia.

Njiani kurudi Ephrasia alikuwa akiwaza. "Datius, ukizima ufunguo, vifuta kioo vinasimama vyenyewe. Kwa nini friji nalo lisisimame?"

"Ufunguo haubebi mzigo wa friji, Sista. Utaungua." Akabadili gia. "Labda tupate rilei."

"Ndiyo nini?"

"Swichi inayoendeshwa na umeme. Ufunguo unaituma kwa waya mwembamba, yenyewe inaunganisha ule mnene. Ukizima gari, inakata."

"Basi tutafute."

Mjini, Shaban muuza vipuri alisema labda mwezi ujao. Surua ilikuwa imekwisha kuanza kwenye vijiji vya ziwani. Na Datius alijua rilei ilipo: chini ya boneti yake, ikihudumia honi.

Jioni alikaa jikoni bila kugusa chakula, akamweleza mkewe. "Sasa nikipita, utajuaje kama ni mimi?"

Klaudia alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Alistidia, mimi nilikuwa natoka ili unyamaze!"

Datius akamtazama, naye kicheko kikamshinda. Asubuhi aliing'oa rilei, akaifunga kwenye waya wa friji.

Safari ya tatu walibeba chanjo. Kwenye kila kituo Datius alizima ufunguo, rilei ikakata, akaingia nyuma kuwasha utambi, na betri ikabaki salama. Kijijini hapakuwa na honi ya kuwaita kina mama, kwa hiyo akaingia migombani kwa miguu, akipaza sauti nyumba kwa nyumba: "Waitu, jamani, leteni watoto! Sista amefika!" Wakaja wengi, pengine kwa kutaka kumwona huyo mwenye sauti. Kufikia alasiri Ephrasia alikuwa amechanja watoto wote waliokuja, na hakuna chanjo hata moja iliyoharibika.

Friji lilikuwa limegandisha barafu kwenye kisahani cha juu. Datius akatoa kipande, akakiweka kiganjani mwa Bibi Anatolia, aliyekuwa amemleta mjukuu wake. Bibi akapiga yowe na kukitupa majanini.

"Kinaunguza!"

"Ni maji tu, Bibi. Weka mdomoni."

Alikubali kipande cha pili, akakimumunya macho yamefumbwa, watoto wakimzunguka. Akafumbua macho, akanyoosha kiganja tena.

"Nipe na cha mkwe wangu," alisema. "Yuko nyumbani, nitampelekea." Akakifunika kwa jani la mgomba, akaondoka karibu mbio, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.